Somo: Kubadili ekzosi ya pikapu ya dizeli yenye tabo

Kabla hujaenda gereji, amua kama unataka nguvu au mlio. Anayetaka mlio akate sailensa tu, asipoteze hela ya bomba zima.

Moshi ndio unaozungusha tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Ukitoka kwa taabu, tabo inachelewa kuamka na gari linakuwa zito mlimani. Kwa hiyo kipande kinachofuata tabo moja kwa moja kina thamani kuliko vyote vya nyuma. Mafundi wengi huanzia nyuma kwa sababu ndiko mkono unakofika kwa urahisi.

1. Bomba. Kwa injini ya lita 2.5 hadi 3, inchi 3 inatosha. Ukilinganisha na inchi 2.5, nafasi ya kupita moshi inaongezeka kwa karibu asilimia 44. Kuzidi hapo ni kutafuta kelele. Angalia sana kona: bomba likikunjamana linapopindwa, umelipia upana halafu umeuziba mwenyewe. Ukizunguka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ulizia kona zilizopindwa tayari zikabaki duara, kisha uunganishe. Chumvi ya pwani yetu inakula chuma cha kawaida haraka, kwa hiyo mwenye uwezo achukue stenlesi.

2. Kufungua. Injini ipoe. Nati zilale na mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, maana stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatikia kwenye tabo, siku imekwisha. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake.

3. Kupanga. Fleksibo, kipande cha bomba kinachonyumbulika, ikae mbele, kwa kuwa injini inatikisika na chasisi imetulia. Bila hiyo bomba litapasuka. Acha nafasi kwenye paipu za breki, tangi na propela shafti. Toa terminali za betri, shika viungo kwa vidoa vidogo vya welding, vua bomba, kisha umalizie kuchomelea chini. Anayetaka kumalizia kila kitu kikiwa garini anakimbilia chakula cha mchana.

4. Kufunga. Gasketi mpya, raba mpya. Washa, sikiliza mvujo. Baada ya safari chache kaza nati tena.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Nitapata nguvu?*
Kidogo sana; hiyo haikuja na tabo kutoka kiwandani. Kama bomba la sasa halijabonyea wala kuziba, hela hiyo iende kwenye nozeli zinazopulizia dizeli.

*Shikamoo fundi. Yangu inatoa moshi mweusi, ekzosi itautibu?*
Marahaba. Hapana. Moshi mweusi ni dizeli kuzidi hewa. Kagua filta ya hewa, hozi za tabo na nozeli. Bomba pana litautoa tu kwa haraka zaidi.

*Kaka, pikapu yangu ina filta ya masizi, fundi anataka kuing'oa.*
Mkatalie. Sensa zake zitalalamika, gari litajipunguzia nguvu, na masizi yote watayavuta wapita njia. Badili kuanzia nyuma ya filta.

*Mvua zikinyesha napita Jangwani, Dar, panapofurika. Bomba jipya halitaingiza maji?*
Injini ikiwaka, moshi unayasukuma nje. Ogopa zaidi mdomo wa kuvutia hewa: maji hayabanwi ndani ya silinda, na konrodi, mkono unaoshika pistoni, hupinda. Ukizimikia majini usipige stata, tafuta wa kukuvuta.