Jinsi ya Kuchagua Laptopu ya Gemu kwa Bajeti Ndogo

Anayetafuta laptopu ya gemu huku fungu lake likiwa dogo hukumbana na ugumu mmoja mapema sana: matangazo ya mashine za bei ya chini yote yanafanana. Kila moja hujieleza kwa jina la kadi ya michoro (sehemu inayochora picha za gemu), ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na idadi ya hezi za skrini (mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde), na kwa maelezo hayo mashine mbili huweza kuonekana sawa kabisa, ilhali moja itachezesha gemu kwa ulaini na nyingine itaanza kukwamakwama baada ya robo saa. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja ninayoiamini: fedha chache zielekezwe kwenye vitu visivyoweza kubadilishwa baada ya kununua, yaani kadi ya michoro, mfumo wa kupoza na skrini, na kubana matumizi kufanyike kwenye vile vinavyoweza kuongezwa baadaye, hasa RAM na diski.

Anza na gemu zenyewe kabla hujatazama mashine yoyote. Andika zile unazocheza mara kwa mara pamoja na moja au mbili unazotamani, kisha usome mahitaji yaliyochapishwa na watengenezaji wake. Mtu anayecheza zaidi Valorant, League of Legends au Counter-Strike 2 anahitaji prosesa (ubongo wa kompyuta) nzuri na skrini ya haraka kuliko anavyohitaji kadi kubwa, kwa hiyo mashine ya daraja la chini inaweza kumtosha. Anayetamani Cyberpunk 2077 atalazimika kupeleka sehemu kubwa ya fedha zake kwenye kadi. Zipo pia gemu mpya ambazo hazifunguki kabisa kwenye kadi za zamani. Doom: The Dark Ages, iliyotoka mwaka 2025, inadai kadi yenye vifaa vya kukokotoa miale ya mwanga, na GTX 1650 ya kampuni ya NVIDIA haina vifaa hivyo hata ikiwa mpya. Kumbuka vilevile kwamba kadi zinazotajwa kwenye mahitaji hayo kwa kawaida ni za kompyuta za mezani. RTX 3050 ya mezani, nayo ya NVIDIA, ilitoka ikiwa na viini (vitengo vidogo vya kufanya hesabu) 2,560 na kumbukumbu ya GB 8, lakini ile ya laptopu inayobeba jina hilohilo mara nyingi ina viini 2,048 na kumbukumbu ya GB 4 tu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha, kwa hiyo inafaa tukae kidogo. Jina la kadi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wati ambazo mtengenezaji wa laptopu ameiruhusu itumie. RTX 4050 ya laptopu, kwa mfano, inaweza kuwekewa kiwango chochote kuanzia takribani wati 35 hadi 115, na uamuzi huo hufanywa na mtengenezaji kulingana na unene wa mashine na uwezo wa feni zake. Kadi hiyo ikiwa ndani ya laptopu nyembamba iliyobanwa kwenye wati 45 huweza kushindwa na kadi ya kizazi kilichotangulia iliyoachiwa nguvu zake zote. Tangu mwaka 2021 NVIDIA imewataka watengenezaji waonyeshe kiwango hiki kwenye kurasa za bidhaa zao, ingawa mara nyingi hufichwa mwishoni mwa jedwali la sifa kwa herufi TGP, yaani nguvu ya jumla ya kadi. Kitafute hapo, na usipokiona, muulize muuzaji kabla hujalipa.

Njia nyingine ya kukisia ni kuisoma chaja. Igeuze utafute maandishi madogo yanayoeleza umeme unaotoka: yakisema volti 20 na ampea 6.75, zidisha, nawe utapata wati 135. Katika hizo, prosesa inaweza kuchukua 45 au zaidi, skrini, feni na diski zitachukua sehemu yao, na kinachobaki ndicho kadi inachoweza kukipata. Ukiambiwa kwamba kadi inatumia wati 115 huku chaja ni ya 135, una kila sababu ya kuuliza tena, kwa sababu mashine zinazolisha kadi kwa kiwango hicho kwa kawaida huja na chaja za wati 200 na zaidi. Usidanganyike pia na jaribio linalofanywa kwa betri pekee, maana laptopu ya gemu inapochomolewa kwenye umeme hupunguza nguvu ya kadi kwa kiasi kikubwa, na hilo si kasoro.

Baada ya wati, tazama kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambayo matangazo huiita VRAM. Haiongezeki kamwe, kwa kuwa imechomelewa pamoja na kadi, na ikijaa gemu huanza kuchukua data kwenye RAM ya kawaida iliyo mbali na ya polepole. Matokeo yake ni kuta na nyuso zenye ukungu, au picha inayosimama kila unapogeuka. Kwa gemu kubwa za sasa naona GB 4 hazitoshi tena, GB 6 ni mahali pa kuanzia, na GB 8 ndizo zinazokupa utulivu wa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo RTX 2050, licha ya jina linalovutia, ni ya kuchukuliwa kwa tahadhari: ina GB 4 na njia ya data ya biti 64 pekee. Usizipuuze kadi za AMD, mshindani wa NVIDIA, pia, kwani RX 6600M ina GB 8 na huweza kupatikana katika mashine zilizotumika ambazo wengi huzipita kwa kuwa jina hawalijui. Teknolojia za kukuza picha, DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, husaidia sana kadi ndogo kwa kuchora picha ndogo kisha kuipanua. Lakini DLSS hufanya kazi kwenye kadi za RTX tu, na hakuna kati ya hizo mbili inayoweza kufidia kumbukumbu iliyojaa.

Joto nalo lina uzito uleule. Prosesa na kadi zikifikia kikomo chao cha joto hujipunguzia kasi ili zisiungue, na hapo kila wati uliyolipia inabaki kwenye karatasi. Tafuta mashine yenye feni mbili, matundu ya kutolea hewa nyuma na ubavuni, na matundu mapana ya kuvutia hewa upande wa chini. Mwili mnene kidogo ni neema katika daraja hili la bei, na mimi binafsi ningechagua laptopu nzito isiyopendeza kuliko nyembamba inayochoma vidole. Unaposoma au kutazama tathmini za mashine fulani, ruka sehemu ya dakika za mwanzo utafute vipimo vilivyochukuliwa baada ya kucheza kwa muda mrefu, kwa maana kila laptopu huonekana hodari ikiwa bado ya baridi.

Kwenye skrini, hezi 144 zimekuwa jambo la kawaida, na kwa sababu hiyo hazipaswi kukushawishi peke yake. Kinachotofautisha ni rangi na mwanga. Paneli zinazoelezwa kuwa na asilimia 45 ya NTSC, kipimo kimoja cha wigo wa rangi, huonyesha takribani theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kiwango cha rangi cha kawaida cha kompyuta, na mara nyingi huambatana na mwanga wa niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), hivyo picha huwa imepauka na kuonekana kwa shida chumbani penye mwanga mwingi. Ukipata inayokaribia asilimia 100 ya sRGB na niti 300 kwa nyongeza ndogo ya bei, chukua hiyo. Pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kabisa. Skrini yenye pikseli nyingi zaidi huibebesha kadi ndogo mzigo isioumudu. Mwenye skrini ya nje nyumbani anaweza kulegeza sharti hili.

Prosesa haistahili kukusumbua sana. Core i5-12450H ya Intel au Ryzen 5 7535HS ya AMD zinatosha kwa kadi za daraja hili, na nyongeza ya bei inayodaiwa kwa i7 ingefaa zaidi kwenye kadi. Epuka tu zile zinazoishia na herufi U, zilizoundwa kwa ajili ya kuokoa betri. Kwa AMD ya mfululizo wa 7000, tazama tarakimu ya tatu, kwani ndiyo inayoonyesha kizazi cha usanifu: Ryzen 7 7735HS ni ya Zen 3+, huku Ryzen 5 7640HS, yenye jina dogo zaidi, ikiwa ya Zen 4, usanifu mpya zaidi.

RAM ndiyo mahali pa kubana kwa akili. GB 16 ndizo zinazohitajika, lakini mashine inayouzwa na GB 8 inaweza kuwa chaguo zuri ikiwa ina nafasi mbili na moja iko wazi, kwa sababu vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba huipa prosesa njia pana ya data na kuongeza fremu (picha kwa sekunde) zinazoonekana. Hakikisha mapema kwamba RAM haikuchomelewa kwenye bodi kuu, kwamba unajua kama ni DDR4 au DDR5 (vizazi viwili vya RAM), kwani haziingiliani, na kwamba kufungua mfuniko hakufuti waranti. Bei ya RAM hupanda na kushuka sana, kwa hiyo piga hesabu ya nyongeza hiyo siku unayonunua. Diski iwe SSD ya NVMe (diski ya haraka isiyo na sehemu zinazozunguka) isiyopungua GB 512, na kuwe na nafasi ya pili ya M.2 (tundu la kuchomekea SSD nyingine), kwa kuwa gemu moja kubwa leo huweza kuzidi GB 100.

Mashine iliyotumika inaweza kukupa kadi ya daraja la juu kwa fedha zilezile, ila kuna mipaka. Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au baadaye, isipokuwa chache. Kadi za GTX za mfululizo wa 10 nazo zimeacha kupokea draiva (programu zinazoiendesha kadi) za gemu mpya na kubakiwa na masasisho ya usalama. Unapoikagua, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, kisha ulinganishe ujazo wa betri iliyokuwa nao kiwandani na ule inaoweza kuuhifadhi sasa. Soma afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Bonyeza vitufe vya W, A, S na D mmoja mmoja, maana ndivyo vinavyochakaa kwanza, funua na ufunike kioo ukisikiliza bawaba, na uhakikishe kwamba BIOS (programu inayoiwasha mashine) haina nenosiri la mwenye nayo wa zamani.

Iwe mpya au iliyotumika, iunganishe na chaja yake yenyewe na uendeshe gemu nzito kwa nusu saa huku programu ya HWiNFO ikiandika joto, wati na kasi ya kadi. Linganisha dakika ya tano na ya thelathini. Kasi ikishuka kidogo ni kawaida. Wati zikianguka hadi nusu ya zilizoahidiwa na zisirudi, au mashine ikijizima, irejeshe ukiwa bado ndani ya siku ulizopewa na muuzaji.