Mosin-Nagant Inapokataa Kulipua Risasi

Bunduki ya Mosin-Nagant, iliyoingia katika jeshi la Urusi mwaka 1891 na ambayo leo imo mikononi mwa wawindaji na walenga shabaha wengi wa Marekani na Ulaya, haina sehemu nyingi za kuharibika. Kwa hiyo inapofyatuliwa ikalia "tak" tu, tatizo huwa ama kwenye risasi yenyewe ama ndani ya bolti, yaani kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na kununua springi mpya kabla ya kuchunguza ni kupoteza fedha.

Risasi isipolipuka, elekeza mtutu kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30 bila kufungua bolti, kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kuwaka. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, usifyatue tena mpaka utoe bolti na kuhakikisha mtutu uko wazi, maana kichwa cha risasi kilichokwama humo chaweza kuupasua.

Kisha kagua fataki, yaani kile kiduara kilicho katikati ya kitako cha ganda. Ikiwa imebonyea sawasawa, shuku risasi, hasa za akiba ya zamani ya jeshi, na ujaribu za fungu jingine. Ikiwa imebonyea kidogo tu, au haina alama yoyote, rudi kwenye bolti.

Bunduki hizi zilihifadhiwa ghalani zikiwa zimepakwa grisi nzito, ambayo kwa miaka mingi hugeuka kuwa utando mgumu kuizunguka springi na pini inayogonga fataki, na pini hiyo ikachelewa na kugonga kwa unyonge. Kufuta bolti kwa nje hakusaidii. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, vuta na kuzungusha kipande cha nyuma mpaka springi ilegee, ondoa kichwa cha bolti pamoja na kiunganishi chake, kisha simamisha ncha ya pini juu ya ubao, kandamiza bolti, na ufungue kipande hicho cha nyuma kutoka kwenye pini. Loweka vyuma katika mafuta ya taa, mahali penye hewa na pasipo moto, usugue ndani ya bolti, ukaushe, na upake mafuta mepesi kiasi kidogo mno. Kwenye baridi kali, mafuta mazito huganda na kurudisha kasoro ileile. Safisha chemba pia, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, kwani bolti isiyofungika kikamilifu hula nguvu ya pini.

Unapounganisha ndipo wengi hukosea. Pini hukazwa kwa skrubu, hivyo urefu wa ncha inayojitokeza hubadilika. Inapaswa kuwa kati ya milimita 1.9 na 2.4, bolti ikiwa imefyatuliwa. Kifaa cha asili cha bunduki hii kina mapengo mawili yenye alama 75 na 95, yaani vipimo hivyohivyo viwili: ncha iguse pengo la 75, lakini ipite chini ya lile la 95 bila kuligusa. Ikizidi, itatoboa fataki na gesi itarudi usoni mwako.

Kama bado inagonga kwa unyonge baada ya hayo, badilisha springi. Usiivute ile ya zamani ili irefuke. Na kama kichwa cha bolti kiliwahi kubadilishwa, mpelekee fundi wa bunduki mwenye vipimo akague nafasi kati ya kichwa hicho na kitako cha risasi.