Kushinda kwa kuta: deki yangu ya kombo katika Pauper

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu ya video kutoka Tanga, karata kazitandaza mkekani, akaniuliza: "Shikamoo mjomba. Hii Freed from the Real inafanya nini hasa?" Nikamwambia aisogeze karibu na kamera. Ilikuwa karatasi aliyochapisha stesheneri, akaikata kwa mkasi na kuichomeka kwenye kimfuko cha plastiki mbele ya karata ya kawaida ya kopa ili isijikunje. Tulikaa zaidi ya saa nzima. Haya hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na yaliyonitoka akilini usiku ule.

Mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering, aliobuni Richard Garfield, ukaingia sokoni mwaka 1993. Mimi nacheza mtindo wa Pauper, unaoruhusu tu karata zilizowahi kutolewa katika daraja la chini kabisa, zile zinazojaa kwenye kila pakiti. Kwa mchezo wa karata halisi za mezani, ulitambuliwa rasmi mwaka 2019. Naupenda kwa sababu hauniulizi nina mshahara gani. Nafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala hapa Leicester, Uingereza, na deki yangu nzima, yaani fungu la karata ninalochezea, ilinigharimu pauni 40 na ushee, nikinunua kidogo kidogo. Ukiwa nyumbani unajifunza, karatasi za kuchapisha kama za mpwa wangu zinatosha kabisa. Mashindano rasmi tu ndiyo yanayodai karata halisi.

Deki nyingi hushinda kwa kumla mpinzani polepole: uhai wake ni 20, unampiga leo 3, kesho 4. Deki ya kombo haiendi hivyo. Inakaa, inajikusanya, halafu katika zamu moja vipande viwili au vitatu vinakutana na mchezo unaisha palepale. Tumezoea kusema jambo limekwenda kombo pale linapoharibika. Huku kombo ni pale kila kitu kinapokaa sawa kwa mpigo mmoja.

Yangu inaitwa deki ya kuta, kwa kuwa viumbe vyake vingi haviruhusiwi kushambulia. Vinasimama tu. Kipande cha kwanza ni Axebane Guardian. Ukimlaza, yaani ukiigeuza karata yake ubavu kuonyesha ametumika, anakupa mana, ile nguvu ya kulipia karata, kwa idadi ya kuta ulizonazo mezani, naye mwenyewe akihesabiwa, na rangi unachagua wewe. Cha pili ni Freed from the Real, karata unayombandika kiumbe: kila ukilipa mana moja ya buluu, unamsimamisha tena. Sasa hesabu. Una kuta tatu. Unamlaza Guardian, unapata mana 3 za buluu. Unalipa 1, anasimama. Zimebaki 2. Unamlaza tena, umefika 5. Unalipa 1, zimebaki 4. Hakuna kinachokuzuia kuendelea. Kipande cha tatu ni Valakut Invoker: kila mana 8 zinamchoma mpinzani uhai 3. Mara 7 zinatosha kummaliza mwenye uhai 20, yaani mana 56.

Overgrown Battlement naye hutoa mana kwa hesabu ya kuta, na mpwa wangu alitaka kumbandika Freed yeye. Haifai. Mana zake ni za kijani tupu, na Freed haipokei ila buluu. Ni kosa la kawaida sana, nami nimelifanya.

Sasa kujenga. Wengi wanaoanza wanafikiri deki ya kombo ni ile kombo yenyewe, wakajaza karata nyingine ilimradi zimefika 60. Kombo ni rahisi kuijua, unaisoma kwa dakika mbili. Kazi yote iko kwenye kuitafuta. Karata yenye nakala 4, ambazo ndizo nyingi kabisa unazoruhusiwa, huonekana katika karata 7 za mwanzo takriban mara 40 kati ya 100. Ukitaka Guardian na Freed wakutane mkononi tangu mwanzo, ni mara 14 au 15 tu. Hapo ndipo Drift of Phantasms anapostahili heshima yake. Ni ukuta kama kuta nyingine, lakini akiwa bado mkononi unaweza kulipa mana 3, mbili kati yake za buluu, ukamtupa, kisha ukapekua deki na kuchukua karata yoyote yenye gharama ya 3 kama yake. Freed ni 3. Guardian ni 3. Invoker ni 3. Hata Lead the Stampede, ya kuvuta viumbe, ni 3. Karata moja inageuka kuwa yoyote kati ya nne unazozihitaji. Ukimhesabu Drift kama Freed, una nakala 8 badala ya 4, na ile 40 inapanda hadi 65. Siku nilipoiona hesabu hiyo ndipo nilipoielewa deki hii.

Orodha yangu ya sasa ni hii: Axebane Guardian, Overgrown Battlement, Saruli Caretaker, Wall of Roots, Drift of Phantasms, Shield-Wall Sentinel na Quirion Ranger, nne nne kila moja. Valakut Invoker 2. Freed from the Real 4, Lead the Stampede 4, Winding Way 4. Ardhi, karata za kutolea mana, ni 18: Forest 13, Thornwood Falls 4 na Island 1. Viumbe ni 30, nusu kamili ya deki, na hiyo si bahati. Lead the Stampede inakuonyesha karata 5 za juu na kukupa viumbe vyote vilivyomo. Winding Way inafunua 4 na kufanya vivyo hivyo. Viumbe vikiwa nusu, ya kwanza inakuletea kama viwili na nusu kwa wastani, ya pili viwili. Kila karata ya kupendeza isiyo kiumbe unayoiongeza inakata wastani huo. Mpwa wangu alitaka kuweka karata nne za kuua viumbe vya mpinzani. Nikamwambia hapana, tena kwa ukali kidogo. Kuta zenyewe ndizo ulinzi.

Kuhusu mkono wa kwanza sitasema mengi. Nataka ardhi mbili au tatu, ukuta wa bei nafuu, na kitu cha kuvutia karata. Mkono wenye Freed mbili na Invoker lakini hauna ukuta hata mmoja naurudisha bila kusita, nikavuta mwingine, ingawa sheria itanidai niweke karata moja chini ya deki. Zamu ya pili nashusha Battlement au Wall of Roots, ya tatu Guardian, ya nne natazama kama njia iko wazi.

Kiumbe aliyeshuka zamu hii hawezi kujilaza mwenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe anapewa zamu yako inayofuata. Kwa hiyo usimshushe Guardian na Freed zamu moja ukidhani umemaliza. Saruli Caretaker ana msamaha wake: yeye akishakuwa mwenyeji, anaweza kumlaza pamoja naye kiumbe mwingine yeyote, hata mgeni wa sasa hivi, na wakatoa mana moja ya rangi yoyote. Njia hiyo ndiyo inayonipatia buluu mara nyingi, maana ardhi zangu za buluu ni tano tu.

Nilijifunza kwa uchungu saa ya kuishusha Freed. Ilikuwa Jumatano, kwenye duka la michezo ninakochezea, mchezo wa tatu na wa kuamua. Guardian yuko mezani, mwenyeji, kuta nne. Freed iko mkononi. Mpinzani kalaza ardhi zake zote isipokuwa moja, Mountain. Nikaona ni moja tu, nikaishusha Freed. Akajibu kwa Lightning Bolt, uhai 3 kwa mana 1 nyekundu, na Guardian ana uhimilivu wa 3 kamili. Guardian akaenda makaburini, na Freed ikamfuata kwa sababu haikuwa na wa kubandikwa. Karata mbili zangu kwa moja yake. Zamu mbili baadaye nilikuwa nimekufa, nikarudi nyumbani na basi la mwisho nikiurudia mchezo ule kichwani.

Tangu siku ile nina utaratibu. Mpinzani mwenye ardhi nyekundu moja iliyosimama namchukulia kuwa ana Bolt. Kama sina haraka, nangoja ailaze kwa jambo lake, au namtanguliza Guardian wa pili ili wa kwanza akifa kazi iendelee. Na kama naweza, namshusha Invoker kabla ya Freed. Sababu ni hii.

Majibu katika Magic hupangwa kama sahani: ya mwisho kuwekwa juu ndiyo ya kwanza kuondolewa. Freed ikishabandikwa salama, Guardian amesimama na Invoker yuko mezani, mpinzani akirusha Bolt hutakiwi kushtuka. Bolt imewekwa, haijafanya kitu. Juu yake unaanza: laza, pata 3, lipa 1, simamisha. Laza, lipa, simamisha. Kila kusimamisha kunakamilika kabla ya Bolt. Ukifikisha mana za kutosha, unamwamsha Invoker mara saba, zote juu ya ile Bolt, na mpinzani anakufa Bolt yake ikiwa bado inangoja zamu. Invoker akiwa bado mkononi huwezi, kwa maana kiumbe hashushwi katikati ya majibu.

Mpinzani mjanja atangoja Guardian awe amelala, umeshalipa mana ya kumsimamisha, ndipo arushe. Dawa yake ni kutoitumia buluu ya mwisho. Kwa kuta tatu, ukilipa 1 umebakiwa na 2. Akirusha, unalipa nyingine juu ya Bolt, Guardian anasimama kwanza, unamlaza upya, umetajirika tena. Kwa kuta mbili unabaki na 1 tu, na akiwa na Bolt mbili umekwisha. Ndiyo maana sianzi na kuta mbili ila nikiwa nakufa zamu ijayo. Vilevile usimlaze Guardian kuilipia Freed isipokuwa utabakiwa na buluu moja ya kumsimamishia.

Mambo mawili ya mezani. Kwanza, huwezi kusema "narudia bila mwisho". Mwonyeshe mpinzani mzunguko mmoja kwa mkono, kisha utaje idadi, kwa mfano "narudia mara 100". Pili, mana hupotea kila awamu ya zamu inapokwisha, kwa hiyo anza na umalize ndani ya awamu ileile. Kama Invoker bado yuko ndani ya deki, mana zisizo na hesabu zitamleta: Sentinel akishuka anakuletea ukuta wowote, nawe unachukua Drift, Drift unamtupa na kumchukua Invoker. Invoker halazwi, kwa hiyo ugeni haumhusu, anafanya kazi dakika ileile.

Freed isipokuja, usikate tamaa. Kuta nane, Guardian akiwemo, ni mana 8, yaani uhai 3 kila zamu. Quirion Ranger akirudisha Forest moja mkononi anamsimamisha Guardian mara ya pili, zikawa 16, yaani uhai 6. Nimeshinda michezo mingi hivyo bila kuiona kombo. Ninachokiogopa kweli ni Crypt Rats, anayeunguza viumbe wote kwa pamoja. Dhidi ya deki nyeusi huwa nabakiza Guardian mmoja mkononi hata kama nina mana za kumshusha. Katika karata 15 za akiba nina Hydroblast 4 kwa ajili ya wekundu na Weather the Storm 3 kwa wale wanaouchoma uhai wangu moja kwa moja. Nane zilizobaki hubadilika kulingana na watu wa dukani.

Mwisho ni mazoezi, na haya fanya peke yako kabla ya kukutana na mtu. Changanya karata zako, vuta 7, cheza kana kwamba mpinzani hafanyi kitu, andika daftarini ni zamu ya ngapi umemaliza. Rudia mara 20. Kisha rudia 20 nyingine ukijiwekea sheria kwamba Guardian wa kwanza anakufa daima. Mpwa wangu amenitumia picha ya daftari lake jana: zamu ya 5, ya 4, ya 6, ya 5, na pembeni ya moja ameandika kwa kalamu nyekundu, "nilimlaza Guardian nikasahau buluu."

Nimemwambia Jumapili tucheze, yeye na kuta zake za karatasi, mimi na deki nyekundu yenye Bolt nne.