Sakafu ya mbao kabla ya maboksi

Anayekabidhiwa funguo za nyumba mpya ughaibuni huwa na haraka ya kufungua mizigo, ilhali sakafu ya mbao iliyochakaa hushughulikiwa kwa urahisi wakati mmoja tu, yaani vyumba vingali vitupu. Aliyepanga asiguse chochote kabla ya kupata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, asije akakatwa amana yake.

Kabla ya kukodi mashine ya kupiga msasa, dondosha matone ya maji pale panapokanyagwa sana, kwa mfano karibu na mlango. Yakibaki yameviringana kama umande juu ya jani, vanishi ingali nzima, na kinachotakiwa ni kuikwaruza kidogo kwa msasa laini na kupaka mkono mmoja mpya, yaani tabaka moja la vanishi. Yakinywewa na kuacha doa jeusi, mbao ziko wazi na hapana budi kuzipiga msasa. Chungulia pia ukingo wa ubao chini ya kizingiti: ubao mzima wa milimita 19 hivi huvumilia msasa mara kadhaa katika maisha yake, lakini ule wa matabaka wenye ngozi ya juu isiyofika milimita 2 hutoboka. Iwapo mbao zina rangi ya zamani, zipimwe kwanza kama zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na nyumba nyingi ni kongwe kuliko hapo.

Zamisha vichwa vya misumari, vaa barakoa, kisha anza na msasa mkali wa namba 40, ufuatishe namba 80 na umalizie na ule laini wa namba 120, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Mashine ikigusa sakafu isisimame. Mimi nilisita kidogo tu ili kupokea simu, na bonde la upana wa kiganja lililobaki limefunikwa na zulia hadi leo.

Vumbi likishafyonzwa na kufutwa, koroga vanishi taratibu bila kutikisa kopo, kwani povu hukaukia juu ya mbao, kisha paka kuanzia kona ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Vanishi ya maji hukauka kwa saa chache na huhitaji mikono mitatu. Ya mafuta huhitaji usiku mzima kati ya mkono na mkono. Matambara yaliyolowa mafuta yasirundikwe, kwa sababu huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Ratiba ya kupanga nyumba hufuata ukaukaji huo. Maboksi yakae jikoni au popote pasipo na mbao, yakiwa yameandikwa jina la chumba ubavuni, wala si juu, kwa kuwa juu hufichwa na boksi jingine. Pasipoti, vyeti, dawa na chaja vikae katika begi moja usiloliachia. Baada ya saa 24 unaweza kupita ukiwa na soksi, na muda huo unatosha kupima kuta na kuamua kila kabati litakaa wapi, ili lisihamishwe mara mbili. Samani ziingie baada ya siku tatu kwa vanishi ya maji, au wiki moja kwa ya mafuta, zikibebwa bila kuburutwa na zikiwa na vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu. Mazulia yasubiri wiki mbili, na kwa vanishi ya mafuta mwezi mzima.