Kupeleka wageni kwenye matumbawe bila kuyavunja

Mwongozo huu ni kwa waongozaji na manahodha wa Unguja. Uharibifu mwingi huamuliwa kabla mgeni hajalowa, ndiyo maana nazungumzia sana ya nchi kavu.

1. Tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Yakishakupwa, matumbawe hubaki karibu na uso, na mgeni aliyechoka hutafuta pa kukanyaga. Waingize maji yanapojaa, au panga safari siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Anayeng'ang'ania saa yake umweleze; bahari haifuati ratiba ya hoteli.

2. Toa masharti pwani, si botini injini ikinguruma. Taja na sababu: tumbawe la mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo teke moja laweza kuvunja kitu kilichomzidi mgeni umri. Hakuna kushika, kusimama, wala kuinua kiti cha pweza (nyota wa bahari) kwa ajili ya picha. Hakuna mkate wa kulisha samaki pia, na hapa tusioneane haya, maana mara nyingi sisi ndio tunaoubeba. Samaki kama pono kazi yake si kula mkate, ni kukwangua mwani mwambani, matumbawe machanga yapate pa kushika.

Badala ya kujipaka krimu ya jua mwili mzima, mgeni avae shati la mikono mirefu.

3. Funga boti kwenye boya. Kama halipo, nanga ishuke mchangani.

4. Anzia penye mchanga. Mwenye mtungi wa hewa apimwe risasi, yaani vizito vya kumzamisha, hapo: zikizidi, atazama hadi mwambani. Vipimo vyake vya hewa na kina vibanwe kifuani visiburute. Asiyetulia mpe boya ashikilie. Mapezi yakitimua mchanga, matumbawe hufunikwa.

Wakilalamika kwamba umezidi ukali, watajie kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994: huko watalii hawazamii kwa mitungi kabisa, huogelea juu kwa miwani, na walinzi wa mwamba walitokana na wavuvi.

5. Matumbawe yakipauka, hamisha safari. Joto la 1998 liliyapausha matumbawe ya ukanda wetu, na masharti ya wageni hayazuii joto. Lakini tumbawe jeupe huenda bado li hai. Limepoteza viumbe vidogo vinavyolilisha, na maji yakipoa mapema vinaweza kurudi. Usilipelekee mapezi. Wape wasimamizi wa hifadhi mahali, kina na tarehe uliyoliona.