Namna ya Kusoma Kipimo, Kuanzia Mwaloni hadi Maabara

Kipimo ni namba inayopatikana kwa kulinganisha kitu na kitu kingine ambacho watu wamekubaliana kukitumia. Mtu anayepewa namba tupu, bila kuelezwa imelinganishwa na nini, kwa chombo gani na kuanzia wapi, bado hajapewa kipimo. Mwongozo huu unaeleza maswali ya kuuliza kabla ya kuitegemea namba yoyote, iwe imetoka kwenye mizani ya Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, Tanzania, kwenye maabara ya zahanati, kwenye matokeo ya mtihani au kwenye taarifa za maji ya Ziwa Victoria. Maswali yenyewe ni machache, lakini majibu yake hubadilika sana kutoka fani moja hadi nyingine, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Anza kwa kuuliza chombo kimepima kitu gani hasa. Dagaa wanapouzwa kwa ndoo au kwa sado, kinachopimwa ni nafasi wanayoijaza. Dagaa wakavu walio wazima huacha mianya mingi kati yao, waliovunjikavunjika hushindiliana, na wale ambao hawajakauka vizuri huongeza uzito bila kuongeza kitoweo. Ndoo mbili zinazolingana kabisa kwa macho zinaweza kutofautiana kwa kiasi kikubwa zikipandishwa kwenye mizani. Anayenunua kwa jumla ili asafirishe mbali anafanya vyema kudai kilo, na hata hapo ashike dagaa mkononi na kuwavunja kwanza, kwa sababu mizani hupima maji pamoja na samaki. Kwa sababu hiyohiyo lumbesa imepigwa marufuku: gunia likishajazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba cha kamba, linabaki kuwa chombo cha kubebea tu, na mkulima anayelipwa kwa gunia hajui ameuza kiasi gani.

Mara nyingine kinachopimwa husimama badala ya kitu kingine kisichopimika kwa urahisi. Kanuni za uvuvi zinataka sangara anayevuliwa asipungue sentimita 50, na sato asipungue sentimita 25. Lengo lake ni kumwacha samaki afikie umri wa kuzaa, lakini mvuvi hawezi kumpasua kila samaki ili aangalie kama ana mayai, kwa hiyo urefu umechaguliwa umwakilishe ukomavu. Samaki hulazwa juu ya ubao wa kupimia akiwa amenyooka, mdomo ukiwa umefungwa, na urefu husomwa kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Vivyo hivyo, jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo, na mtu anayelipima likiwa limelegea atapata namba isiyo na maana mbele ya sheria. Watafiti wanaokadiria wingi wa samaki ziwani nao hutumia mitambo inayotuma sauti majini na kupokea mwangwi. Mtambo hupima nguvu ya mwangwi. Tani za samaki hupatikana baadaye kwa hesabu inayotegemea makadirio ya aina na ukubwa wa samaki waliokuwa chini ya mashua. Unapokutana na namba ya namna hii, tafuta hatua iliyo kati ya chombo na jibu, kwa kuwa kosa likiwepo, mara nyingi limejificha hapo.

Swali linalofuata ni sifuri iko wapi. Mwezi Mei 2020, maji yalipokuwa yameingia katika mialo na nyumba nyingi za kando ya ziwa, kipimo cha usawa wa maji kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya mita 13.41 zilizosomwa mwezi Mei 1964. Msomaji asiyejua sifuri ya kipimo hicho angeweza kudhani kwamba ziwa lina kina cha mita 13, ilhali wastani wa kina chake ni takribani mita 40, na sehemu zenye kina kirefu hufikia mita 80 hivi. Sifuri ya Jinja iliwekwa na watu katika kimo cha takribani mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kuongezeka au kupungua kwa namba hiyo kuna maana kamili: mita moja zaidi ni mita moja ya maji juu ya ziwa zima. Lakini kusema kwamba ziwa lenye mita 13 limejaa kwa asilimia 30 zaidi ya lilipokuwa na mita 10 ni kosa, maana asilimia hiyo imehesabiwa kuanzia alama iliyochaguliwa kwa urahisi wa kazi.

Hapo linazaliwa swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi: namba hii inaruhusu hesabu gani? Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, alipendekeza kwamba vipimo vigawanywe kulingana na hesabu zinazokubalika juu yake, na mgawanyo wake bado hufundishwa ingawa wataalamu wameubishia sana. Kilo 20 za sangara ni mara mbili ya kilo 10. Nyuzijoto 30 za Selsiasi si joto mara mbili ya nyuzijoto 15, kwa kuwa sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, wala haimaanishi kutokuwapo kwa joto. Katika matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania, ambako pointi chache ndizo bora, pointi 7 hadi 17 huleta divisheni ya kwanza na pointi 18 hadi 21 huleta ya pili. Mwenye pointi 14 amemtangulia mwenye 28, lakini hakuna anayeweza kusema amejua mara mbili yake. Aidha, wenye pointi 17 na 18 wanakaribiana sana ingawa divisheni zao ni tofauti, huku mwenye 7 na mwenye 17 wakitajwa kwa jina moja. Mzazi anayelinganisha shule kwa divisheni peke yake aombe aonyeshwe pointi.

Swali la nne ni namba inayumba kiasi gani, na hapa mfano bora unatoka katika ugonjwa ambao watu wa mwambao wa ziwa wanaufahamu vizuri, kichocho cha tumbo, unaoletwa na minyoo ambayo mayai yake hutoka na choo. Katika njia ya Kato-Katz, mtaalamu wa maabara huchukua choo kilichochujwa, hukijaza katika kitundu cha kibati kinachobeba miligramu 41.7, hukibandika kwenye kioo, kisha huhesabu kwa hadubini mayai yote anayoyaona. Ili kupata mayai kwa gramu moja, huzidisha idadi hiyo kwa 24. Kwa hiyo jibu la kioo kimoja linalosema mayai 48 kwa gramu maana yake ni kwamba mtaalamu ameona mayai mawili. Jibu la 30 haliwezi kutokea kwenye kioo kimoja, kwani kati ya 24 na 48 hakuna kitu. Sasa tazama madaraja ya ukali: mayai 1 hadi 99 kwa gramu huitwa maambukizi hafifu, 100 hadi 399 ya wastani, na kuanzia 400 makali. Mayai manne yaliyoonekana hutoa 96, na matano hutoa 120. Yai moja tu limemhamisha mtoto kutoka daraja moja hadi jingine.

Tena minyoo haitoi mayai kwa kiasi kilekile kila siku, na mayai hayasambai sawasawa ndani ya choo. Sifuri katika kioo kimoja inamaanisha kwamba yai halikuonekana katika miligramu 41.7 za siku ile, jambo ambalo liko mbali sana na kusema kwamba mtoto hana kichocho. Ndiyo maana hushauriwa kusoma vioo zaidi ya kimoja, na ikiwezekana kwa choo cha siku tofauti. Wastani wa watoto wengi wa shule unaweza kuongoza mpango wa kugawa dawa za kichocho hata pale ambapo jibu la mtoto mmoja linayumba. Kipimo kilekile kinatosha kwa kazi moja na hakitoshi kwa nyingine.

Vipimo vingine vya zahanati vinastahili uangalifu huohuo. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta protini ya vimelea kinaweza kuonyesha mistari miwili hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, kwa kuwa protini huchelewa kuisha mwilini. Presha nayo isipimwe kwa mtu aliyetoka kupanda mlima wa Bugando kwa miguu: akae dakika tano, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja.

Mwisho, uliza kipimo chenyewe kimelinganishwa na nini. Aunsi inayopimia dhahabu, kama ile ya Geita, ni gramu 31.1, wakati aunsi ya kawaida ni gramu 28.35, na muuzaji asiyeijua tofauti hiyo atapunjwa. Kilo ilikuwa kipande cha metali kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, hadi tarehe 20 Mei 2019, ilipoanza kufafanuliwa kwa namba isiyobadilika ya fizikia. Kutoka huko ulinganisho hushuka ngazi kwa ngazi hadi mawe ya mizani ya Wakala wa Vipimo, ambao huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kuzibandika stika. Mahali pia pana uzito wake: mizani ya springi iliyorekebishwa London ingesoma pungufu kwa takribani gramu 3 hadi 4 kwa kila kilo hapa Mwanza, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu ya bahari, hivyo mvutano wa dunia ni mdogo kidogo. Mizani ya mawe haina tatizo hilo.

Kabla ya kupima mzigo wako, tazama stika na mwaka wake, kisha hakikisha mizani ikiwa tupu inasoma sifuri. Pima chombo kitupu kwanza. Weka mzigo katikati ya sahani, halafu pembeni, na uone kama namba inabadilika. Ukiwa na shaka, pandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa: maji peke yake ni kilo 6, na plastiki huongeza gramu mia moja hivi. Mizani ikisoma kilo 6.1, endelea na biashara. Ikisoma 5.5, omba mzigo upimwe kwenye mizani nyingine, andika tarehe, mahali, namba ya stika na namba zote mbili ulizosoma, kisha uyapeleke maandishi hayo katika ofisi ya Wakala wa Vipimo.