Namna ya kufuatilia ukubwa wa chembe unapotengeneza kompositi ya polima

Kipande cha majaribio kikivunjika mapema, usikimbilie kuilaumu resini, yaani polima ya majimaji inayokuja kuwa ngumu. Chukua lenzi ya mkono utazame pale kilipovunjikia. Mara nyingi utakuta kidoa cheupe, kidogo kuliko punje ya chumvi, na mistari ya ufa imeanzia hapo ikasambaa kama miale. Hilo ni donge la kijazo, yaani unga unaochanganywa ndani ya resini. Nimeviona vidoa hivyo mara nyingi hata pale ambapo karatasi ya vipimo iliyokuja na unga haikuwa na kasoro. Karatasi ilisema kweli kuhusu unga. Madonge tuliyatengeneza wenyewe baadaye.

Kwa hiyo hapa tutapima mara tatu: unga ukiwa mkavu, mchanganyiko ukiwa bado majimaji, na kipande kikishakuwa kigumu. Mfano wangu ni kijazo cha kalsiamu kaboneti ndani ya epoksi, aina ya resini. Vaa barakoa ya vumbi tangu unapofungua mfuko, na ukitumia silika ya fuwele usithubutu kuivua, kwa sababu vumbi lake huacha makovu kwenye mapafu.

Hatua ya 1: Chagua namba ya kufuatilia

Ripoti ya kipimo cha ukubwa wa chembe itakupa D10, D50 na D90. D50 ni ukubwa ambao nusu ya ujazo wa unga iko chini yake. D10 ni ule ambao asilimia 10 iko chini yake, na D90 asilimia 90. Wengi husoma D50 wakaridhika. Sasa chukua unga wa aina mbili, zote D10 ni mikroni 2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na D50 ni 5, ila wa kwanza D90 yake ni 12 na wa pili ni 30. Toa D10 kwenye D90, gawanya kwa D50: wa kwanza unapata 2, wa pili 5.6. Ukiangalia D50 peke yake utadhani ni unga mmoja, na huo wa pili ndio utakaokuvunjia vipande, maana ufa huanzia kwenye chembe kubwa.

Hakikisha pia ripoti imehesabiwa kwa ujazo. Chembe moja ya mikroni 100 ina ujazo sawa na chembe milioni moja za mikroni 1. Ukihesabu kwa idadi, hiyo moja inapotea kabisa ndani ya umati.

Hatua ya 2: Chota sampuli inayowakilisha mfuko

Mfuko ukitikiswa safarini, chembe ndogo hupenya kwenda chini na kubwa hubaki juu. Ukichota kijiko cha juu tu, umepima sehemu ya juu ya mfuko. Chota sehemu kadhaa, changanya, fanya kichuguu, kibonyeze kiwe bapa, kigawe robo nne. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, kisha rudia mpaka ubaki na kiasi kidogo. Mashine ya leza, inayopima chembe kwa jinsi zinavyotawanya mwanga, hula chini ya gramu moja, kwa hiyo kosa la kuchota linaweza kuzidi kosa la mashine yenyewe.

Hatua ya 3: Pima unga

Huna leza? Anza na chekeche la mesh 325, lenye matundu ya mikroni 45 hivi. Pitisha gramu 100 kwa maji, kausha kilichobaki juu, kipime uzito. Hutapata picha nzima, lakini utajua kama kuna chembe kubwa, na hilo ndilo tunalolihofia.

Ukiwa na leza, kiwango cha kufuata ni ISO 13320. Tumia hesabu ya Mie (inayogeuza mwanga uliotawanywa kuwa ukubwa wa chembe) kama una chembe za mikroni chache, na uingize faharasa sahihi ya mpindo wa mwanga: kalsiamu kaboneti ni karibu 1.6, maji 1.33. Unga uliopakwa asidi ya steariki huelea juu ya maji, tumia isopropanoli.

Pima kwanza bila mawimbi ya altrasoniki, kisha yawashe dakika moja upime tena. D90 ikishuka ghafla halafu ikatulia, yale yalikuwa madonge na yanavunjika. Ikiendelea kushuka bila kutulia, huenda unazivunja chembe zenyewe.

Hatua ya 4: Kausha

Nyuzi 105 za Selsiasi, mpaka uzito uache kushuka. Unyevu hugandisha chembe pamoja.

Hatua ya 5: Fuatilia wakati wa kuchanganya

Hapa ndipo kazi ilipo. Changanya unga na resini kabla ya kuweka kigumishi, maana kigumishi kikishaingia saa inaanza kukimbia. Weka unga kidogo kidogo, na usiweke resini yote mwanzoni. Mchanganyiko mzito hupasua madonge vizuri kuliko mwepesi. Resini iliyobaki iongeze mwishoni.

Kila dakika 10 simamisha mashine, chota kidogo, ondoa mapovu kwa vakyumu, kisha tumia grindomita. Hiki ni kipande cha chuma chenye mfereji unaoanza na kina cha mikroni 100 na kuishia sifuri. Dondosha mchanganyiko kwenye upande wa kina, simamisha kikwangulio wima, vuta kwa mkono thabiti kwa sekunde moja au mbili. Inamisha chuma kwenye mwanga na usome ndani ya sekunde tatu, kabla uso haujabadilika. Tafuta mahali ambapo vidoa vimekuwa vingi: utepe wa upana wa milimita 3 wenye vidoa 5 hadi 10. Kidoa kimojamoja juu ya hapo usikihesabu. Vuta mara tatu, chukua wastani.

Andika usomaji na muda wake. Kwa mfano: 70, 45, 30, 25, 25, 25. Namba ikijirudia mara tatu, mashine imefika mwisho wa uwezo wake. Kama ulitaka 15, kuongeza saa nyingine hakutasaidia. Ongeza kasi, pitisha kwenye kinu cha roli tatu, au weka kemikali ya kutawanyia chembe. Gusa chombo pia: mchanganyiko ukipata joto huwa mwepesi, na nguvu ya kupasua madonge hupungua.

Hatua ya 6: Kagua kipande kigumu

Kata, sugua kwa msasa mpaka laini kabisa, tazama kwa hadubini yenye mizani. Kagua upande wa juu na wa chini. Chembe ya mikroni 10 huzama mara 100 haraka kuliko ya mikroni 1, kwa hiyo chembe kubwa hurundikana chini kabla epoksi haijakauka. Ili kuthibitisha, choma kipande cha juu na cha chini katika tanuri moja kwa joto lilelile, ulinganishe majivu, maana epoksi huungua na kijazo hubaki. Angalia joto lisizidi: kalsiamu kaboneti ikiharibika yote hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, na hesabu inavurugika.

Ukihamia kwenye ekstruda, mashine inayosukuma polima iliyoyeyuka kwa skrubu, tazama shinikizo kabla ya chujio. Likipanda polepole huku kasi haijabadilika, kuna madonge yanaziba matundu. Kwa nyuzi za kioo hofu inageuka: hapo zinakatika na kuwa fupi mno, basi ziingize mbele zaidi kwenye skrubu, polima ikiwa imeshayeyuka.